Mdaiwa Ni Raia wa Nani?

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku Unguja hatujambo, na baba yako anakusalimu sana. Rasimu ya insha yako nimeisoma yote, pamoja na ile sehemu ya majahazi ya Sur, bandari ya Omani, ambayo unasema wenzako wa Maskati wamekuwa wakikuhadithia. Nimeifurahia, ila sentensi yako ya kwanza sikubaliani nayo. Umeandika kwamba Sultani wa Zanzibar alipoteza mamlaka yake mwaka 1890, nchi ilipowekwa chini ya himaya ya Uingereza. Tarehe hiyo ndiyo tuliyosomeshwa sote skuli, wala si ya uongo, lakini mtu aliyekaa katika masjala ya mahakama kama nilivyokaa mimi hutazama kwanza shauri linafunguliwa wapi na nani mwenye haki ya kulihukumu, na ukitazama kwa jicho hilo utaona kwamba mwaka 1890 ulipofika, katika mambo ya wageni, palikuwa pamebaki kidogo mno cha kuchukuliwa. Mamlaka yalikwishatoka mikononi mwa Sultani shauri baada ya shauri, kwa muda wa miaka hamsini, na waliosaidia kuyatoa wengi wao walikuwa wafanyabiashara waliokuwa wakimtafuta hakimu wa kuwafaa.

Anza na mikataba. Mwaka 1833, huko huko Maskati ulipo, Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Maskati na Unguja pamoja, alitiliana mkataba wa biashara na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts. Ndani yake alikubali kwamba Wamarekani wakigombana wao kwa wao, balozi wao ndiye atakayewaamua. Sidhani kama Sayyid aliona kuwa ametoa kitu cha maana, kwa sababu katika bandari za Bahari ya Hindi ilikuwa desturi ya zamani wafanyabiashara wageni kuwa na mkubwa wao wa kuwasuluhisha, na mfalme asiyetaka kusumbuliwa na ugomvi wa watu wenye dini na sheria nyingine alishukuru kuuepuka. Balozi wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa Salem, alifika Unguja mwaka 1837, na Wamarekani waliokuwapo walikuwa wachache.

Mkataba wa Waingereza wa mwaka 1839 ulikwenda mbali zaidi, na hapo ndipo ninapotaka usimame. Ulisema kwamba raia wa Sultani akiwa na madai dhidi ya raia wa Uingereza, shauri litasikilizwa na balozi wa Uingereza. Raia wa Uingereza akiwa na madai dhidi ya raia wa Sultani, shauri litaamuliwa na Sultani au watu aliowateua, lakini halitasikilizwa mpaka balozi awepo, yeye mwenyewe au mtu aliyemtuma. Chukua mfano wa kawaida wa siku zile. Mwarabu mwenye shamba la mikarafuu amekopa fedha kwa Mhindi na kuweka shamba rehani, na msimu umekuwa mbaya. Mhindi akidai fedha zake, atakwenda kwa Sultani, na mtu wa ubalozi atakuwa amekaa pembeni anasikiliza. Mwarabu akidai kwamba amedhulumiwa katika hesabu, itambidi apande ngazi za ubalozi, akamshitaki Mhindi mbele ya kapteni wa jeshi la Bombay. Swali la kwanza katika kila shauri likawa ni mdaiwa ni raia wa nani, na haki ya mwenye madai ikaja baadaye. Tena mlango ulifunguka upande mmoja tu, maana Mwarabu wa Unguja aliyeshitakiwa Bombay alihukumiwa na mahakama ya Bombay kama mtu mwingine yeyote.

Kapteni Atkins Hamerton alifika Unguja mwaka 1841 akiwa balozi wa kwanza wa Uingereza, akakaa mpaka alipofariki mwaka 1857. Waingereza wenyewe katika mji hawakujaza chumba. Kama ubalozi ungewahesabu hao peke yao, mkataba ule ungebaki karatasi. Waliokuwa wengi ni Wahindi, na hasa watu wa Kutch, jimbo la magharibi ya India, na juu yao ndipo ulipozuka mgogoro uliowachosha masultani na mabalozi. Mtu aliyezaliwa Surat au Bombay hakuwa na utata, kwani alikuwa chini ya Uingereza moja kwa moja. Kutch, kwa upande wake, ilikuwa na mtawala wake, Rao, ambaye tangu mwaka 1819 alikuwa amefungamana na Kampuni ya Kiingereza ya India kwa mkataba wa himaya. Je, raia wa Rao akivuka bahari kuja kufanya biashara Unguja, akaoa, akajenga na kununua shamba, akakaa miaka thelathini, ni mtu wa Rao, wa Uingereza, au wa Sultani?

Usilione swali hili kuwa la vitabuni. Aliyekuwa amekodi forodha nzima ya Unguja kwa Sayyid Said alikuwa Jairam Sewji, Banyani wa Kutch. Yeye ndiye aliyekusanya ushuru, akampa Sultani kiasi walichokubaliana kwa mwaka, na juu yake akamkopesha. Ukisema watu wa Kutch ni wa Sultani, basi forodha iko mikononi mwa raia wake. Ukisema ni wa Mwingereza, basi mtu anayeshika mapato ya nchi, na ambaye Sultani mwenyewe ni mdeni wake, anashitakiwa kwa balozi na kwa balozi peke yake. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaoandika kwamba Sayyid Said na mwanawe Sayyid Majid walibishania heshima tu.

Wahindi wenyewe nao hawakukaa kimya kungoja kugawiwa. Mwenye madeni mengi ya kudai alipenda kuwa na balozi nyuma yake. Mwenye watumwa shambani alipenda kuwa mtu wa Sultani, kwa sababu sheria ya Uingereza ilikuwa imewakataza raia wake kumiliki watumwa. Wako waliokuwa watu wa ubalozi katika jambo moja na watu wa Sultani katika jambo jingine, na mimi siwalaumu sana. Aliyewekewa milango miwili hutoka kwa ule ulio karibu.

Aliyekata shauri kwa nguvu alikuwa Christopher Rigby, aliyekuja kuwa balozi mwaka 1858. Yeye alisema watu wa Kutch wote wako chini ya himaya ya Uingereza, hivyo hawana ruhusa ya kuwa na watumwa, na kuanzia mwaka 1860 akawalazimisha kuwaacha huru. Waliopata uhuru kwa njia hiyo walikuwa maelfu, na orodha yao iliandikwa, jina la aliyeachwa huru pamoja na jina la aliyekuwa bwana wake. Hapa, mwanangu, insha yako imepita haraka mno. Umetaja jambo hili katika mstari mmoja kama mfano wa balozi kumwingilia Sultani, na kweli alimwingilia. Lakini fikiria wanawake wawili waliokuwa wakichota maji kisima kimoja, mmoja mtumwa wa Mhindi wa Kutch na mwenzake mtumwa wa Mwarabu wa nyumba ya pili. Wa kwanza anaitwa ubalozini anapewa hati ya uhuru; wa pili anabaki alivyokuwa, na atabaki hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini mpaka amri ya mwaka 1897 ilipoufuta utumwa kisheria Unguja na Pemba. Mpaka wa mamlaka ulipita kati ya wawili hao, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Anayetaka kuandika juu ya madaraka ya kuhukumu bila kuwataja hao ameandika historia ya wenye nyumba tu.

Na usidhani Waingereza walikuwa na kauli moja. Lewis Pelly, aliyemfuata Rigby, hakuona kama alivyoona mwenzake: kwake yeye, mtu wa Kutch aliyechagua kukaa chini ya Sultani alikuwa amekwisha kuwa mtu wa Sultani. Henry Churchill, aliyekuja baadaye katika miaka hiyo hiyo ya 1860, akairudisha hoja ya Rigby na Sayyid Majid akalalamika tena. Kwa hiyo katika muda usiofika miaka kumi mtu yule yule, katika duka lile lile, alibadilishiwa uraia na mabalozi bila ya yeye kuhama hata mtaa. Hatimaye Rao wa Kutch mwenyewe alitoa tangazo kwamba raia wake walioko Unguja wako chini ya mamlaka ya Uingereza, na mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Sayyid Barghash, Sultani aliyemfuata Majid, alibanwa mpaka akaukubali na ambao ulifunga soko la watumwa, ukaweka pia kwamba wenyeji wa majimbo ya India yaliyo chini ya himaya ya Uingereza watakatazwa kumiliki watumwa. Mjadala ukafungwa na Sultani akiwa ameshindwa.

Kabla ya hapo, amri ya malkia ya mwaka 1866 ilikuwa imeufanya ubalozi kuwa mahakama kamili, na rufaa zake zikipelekwa Mahakama Kuu ya Bombay. Kwa lugha yetu ya masjala, shauri la duka la Unguja lilipanda meli likaamuliwe India, na Sultani ambaye duka liko katika nchi yake hakuwa na pa kuandika jina lake katika jalada.

Kisa cha Sayyid Khalid, aliyekalia kiti cha usultani bila ridhaa ya Waingereza, nilitaka kukiacha, lakini kinakuhusu kwa sababu kinaonyesha kwamba kamba hii ilimfunga Mwingereza pia. Baada ya jumba la kifalme kupigwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alikimbilia ubalozi wa Ujerumani. Waingereza walikuwa wameshinda vita, wana manowari bandarini na askari mitaani, na bado hawakuweza kumgusa. Wiki kadhaa baadaye, tarehe 2 Oktoba, Wajerumani walingoja maji ya bamvua yajae mpaka mashua ikafika kwenye ubalozi penyewe, akaingia mashuani bila kukanyaga ardhi ya Unguja, akapelekwa katika manowari yao na kisha Dar es Salaam. Waingereza hawakumpata mpaka mwaka 1916, wakati wa vita.

Sasa nije kwa majahazi yako ya Sur. Umeeleza vizuri kwamba manahodha walichukua hati na bendera za Ufaransa kutoka bandari kama Obock na visiwa vya Mayotte na Nossi-Bé. Sababu yake iweke wazi zaidi: Ufaransa ilikataa katakata manowari za Uingereza zisipekue chombo chenye bendera yake, kwa hiyo nahodha aliyebeba watumwa, na hata asiyebeba ila hataki kusumbuliwa, alijua faida ya kitambaa kile. Kapteni Brownrigg wa manowari ya London aliuawa karibu na Pemba mwezi wa Disemba 1881 alipoliendea jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa. Watu wa Sur wakaipeleka hoja hatua moja mbele, wakadai kwamba aliye na bendera hiyo baharini ni mtu wa Ufaransa hata akiwa nyumbani kwake, hivyo Sayyid Faisal bin Turki, Sultani wa Maskati, hana haki ya kumhukumu.

Uingereza na Ufaransa zilipeleka shauri kwenye mahakama ya kimataifa ya usuluhishi huko The Hague, na hukumu ikatoka tarehe 8 Agosti 1905. Waamuzi walikuwa Lammasch wa Austria, Fuller wa Marekani na Savornin Lohman wa Uholanzi. Sultani ambaye mamlaka yake ndiyo yaliyokuwa yakigombewa hakuwa mdai wala mdaiwa, nami nikiwa karani ningeshangaa kupokea jalada la namna hiyo. Walisema kwamba kabla ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa ilikuwa huru kutoa bendera kwa masharti ya sheria zake yenyewe. Baada ya hapo, iliweza kuwapa wale tu ambao tangu kabla ya mwaka 1863 ilikuwa ikiwahesabu kuwa watu wa himaya yake. Jahazi lenye idhini lilikuwa na kinga katika maji ya Maskati kwa mkataba wa mwaka 1844 kati ya Ufaransa na Maskati, lakini idhini haikuweza kuhamishiwa mtu mwingine wala chombo kingine. Na sehemu ya mwisho, ambayo katika rasimu yako umeisahau, ndiyo yenye uzito: mwenye jahazi, nahodha, mabaharia na jamaa zao hawapati kwa sababu ya bendera hiyo kinga yoyote ya kuwatoa katika mamlaka ya Sultani, hasa mamlaka yake ya kuhukumu. Chombo kilikuwa na kinga na binadamu hakuwa nayo. Laiti kanuni kama hiyo ingekuwapo Unguja miaka ya 1860.

Angalia pia ni nani aliyeitetea. Waingereza waliosimama The Hague kulinda haki ya Sultani wa Maskati kuwahukumu watu wake ndio waliokuwa na mahakama yao wenyewe Maskati kwa ajili ya watu wao, nayo haikufungwa mpaka mwaka 1967. Na mwaka huo huo wa 1905 walitiliana mkataba na Marekani ili balozi wake aache kuhukumu Unguja. Kwa hiyo mamlaka yaliyokusanywa kutoka kwa mabalozi wengine hayakurudi kwa Sultani. Yalikwenda katika mahakama za himaya, na kwa miaka mingi mji mmoja ukawa na mahakama ya Mfalme wa Uingereza na mahakama ya Sultani, mashauri yakigawanywa kwa kutazama mtu ni wa nani.

Sentensi yako ya kwanza basi ianzie 1839, na mwaka 1890 uuweke mahali ambapo mlango unafungwa kwa ufunguo. Ukikamilisha niletee tena kabla hujampa mwalimu wako, na zile tarehe za kesi za Maskati zihakiki huko huko, maana makabati yangu hayana kitu cha upande huo.

Wasalaam,
Mama yako