Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama Chetu cha Watafiti wa Historia, Kigoma

Ndugu wanachama, wazee wetu wa baraza la ushauri, na wenzetu mliosafiri kutoka Kasulu, Kibondo na Uvinza: Asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Kwa mujibu wa katiba, nawasilisha taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaoishia Juni. Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Mihadhara ilifanyika Ujiji na Mwanga. Wanafunzi wa sekondari walitembezwa kwenye makumbusho ya Livingstone. Vijana wetu walifundishwa kutumia kinasa sauti na kutunza daftari la mahojiano. Mwenzetu mmoja amekamilisha kuandika simulizi za mabaharia wa Liemba, meli iliyoshushwa ziwani hapa Kigoma mwaka 1915 ikiitwa Goetzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikarudi kazini mwaka 1927. Kazi yake ni nzuri, nampongeza. Tuliwazika wazee wawili wa baraza, Mwenyezi Mungu awarehemu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo limewaleta wengi wenu, maana tangu nichaguliwe sijauona ukumbi huu umejaa hivi. Nazungumzia ruzuku tuliyoikataa.

Mwezi Oktoba taasisi moja ya nje ilikubali andiko letu la mradi wa kukusanya simulizi za watu waliovuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972 na mwaka 1993. Ilikuwa shilingi milioni 46 kwa miezi 18. Andiko lile sehemu kubwa niliandika mimi, usiku, kwa kompyuta yangu na bando langu, na katibu akanisaidia kwenye bajeti. Nayasema haya kwa sababu imevumishwa kwamba niliikataa fedha kwa wivu. Mtu haonei wivu kazi ya mikono yake mwenyewe.

Mkataba ulipofika tulikuta masharti ambayo kwenye tangazo hayakuwamo. Rekodi zote zitumwe kwao kila mwezi, pamoja na majina ya wasimulizi na vijiji wanavyoishi. Zikishafika ziwe mali yao. Sisi tusibaki na nakala ila kwa ruhusa yao ya maandishi. Na kazi itakapochapishwa, ninyi wanachama mtajwe kama wakusanyaji wa taarifa, basi. Tuliandika barua kuomba vifungu vya majina na nakala virekebishwe. Tukajibiwa kwamba mkataba ni huohuo kwa nchi zote. Kamati tendaji ikapiga kura, wanne kwa wanne. Katiba inampa mwenyekiti kura ya uamuzi, nami niliitumia.

Hoja ya kwanza ya wanaonilaumu ni kwamba wazee wanaondoka na sisi tumekaa tunabishana na mkataba. Hoja hiyo ni nzito, na mimi inaniuma kuliko mnavyodhani. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1972 sasa ameshapita 70. Na mwaka huo si wa mchezo kwa mkoa wetu. Wakati Wahutu wanakimbia mauaji kule Burundi na kuingia huku, Waha wa huku nao walikuwa wanatolewa kwenye mashamba yao yaliyotawanyika na kupangwa vijijini kwa Operesheni Kigoma. Mwaka mmoja, mkoa mmoja, jamii mbili zinahama kwa sababu mbili tofauti. Nani alimpokea nani, nani alilima shamba lililoachwa na nani, mengi ya hayo hutayapata kwenye faili la wilaya. Yamo vichwani mwa wazee wa Kasulu na Kibondo. Nani hapa anayataka kuliko mimi?

Lakini tazameni tunamhoji nani. Wa mwaka 1972 huenda alipelekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba au Mishamo, na pengine yumo katika wale watu wapatao 162,000 ambao mwaka 2014 Serikali ilitangaza kuwapa uraia. Wa mwaka 1993 huenda aliishi kambini, akarudi kwao, akakimbia tena mwaka 2015. Kambi ya Mtendeli ilifungwa mwaka 2021, na watu wa kambi za Nduta na Nyarugusu wamekuwa wakiishi roho juu kwa kila tangazo la kurejea. Mtu wa namna hiyo anapokutajia aliyemuua baba yake, au jirani aliyebaki kwenye shamba lao kule Makamba, amekukabidhi usalama wake na wa ndugu zake walioko ng'ambo. Halafu jina lake na kijiji chake nivitume mahali nisipopajua, visomwe na nani sijui? Kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kingeombwa kwa jina la chama hiki, ruhusa ya kuingia kambini vilevile, na fomu ya ridhaa ingetiwa saini mbele ya kijana wetu anayeishi hapo hapo Kasulu. Mfadhili akimaliza mradi anaondoka. Sisi tunakutana na mzee yule sokoni.

Liko pia suala la nakala. Wabelgiji waliuteka mji huu mwaka 1916 wakakaa hadi mwaka 1921. Mjukuu wa Ujiji akitaka kujua walimtendea nini babu yake, sehemu kubwa ya karatasi ziko Brussels. Za Mjerumani zimegawanyika, nyingine Dar es Salaam, nyingine Berlin. Zilichukuliwa bila babu zetu kuulizwa. Sisi tumeulizwa, tena kwa maandishi na nafasi ya saini imeachwa. Sikuweza kuweka saini yangu pale.

Hoja ya pili, kwamba chama maskini hakichagui mfadhili, siikubali hata kidogo. Masharti yanatofautiana. Mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004, hautaki nyaraka asilia ziondoke nchini na unataka nakala ibaki nchini humo. Ule ni wa nyaraka kongwe, sisi tulikuwa na mahojiano, lakini msingi wake ndio huohuo tuliouomba tukanyimwa. CODESRIA ya Dakar ipo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya watafiti wa Afrika. British Institute in Eastern Africa, pale Nairobi, hutoa ruzuku ndogo za utafiti. Hizo ndogo ndizo zinazotufaa kwa kuanzia. Chama ambacho hakijawahi kukaguliwa kwa shilingi milioni tano kinaikimbilia 46 ya nini?

Hoja ya tatu ni ya posho, japo haisemwi waziwazi. Najua wapo waliokwishajihesabia posho za uwandani. Sina la kuongeza. Daftari la fedha na barua zote ziko mezani kwa mweka hazina, kila mwanachama hai asome mwenyewe.

Nimesema mwanachama hai kwa makusudi. Daftari lina majina 71. Waliolipa ada yote ya shilingi 20,000 ni 26, waliolipa nusu ni 9, na 36 hawakutoa hata senti. Ada ililetea chama shilingi 610,000, viingilio 40,000, michango ya hiari 185,000. Tulianza mwaka na 97,500, tumetumia 571,000, zimebaki 361,500. Katika mikutano minne ya kawaida akidi ilitimia mara moja. Kikao cha kujadili mkataba huu kilitangazwa wiki mbili kabla na walikuja watu kumi na moja. Waliokosa kikao kile ndio walioandika kurasa kwa kurasa kwenye kundi letu la simu, na baadhi yao wamo katika wale 36. Hili limenisikitisha sana. Mtu anayedai haki ya kuamua mamilioni ya mfadhili aanze na elfu ishirini yake.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kupeleka maandiko mengine kwa wafadhili wenye masharti ya heshima, na tunaendelea kutafuta chumba chenye kabati la chuma la kuhifadhia rekodi, maana mpaka sasa ziko nyumbani kwangu. Fomu ya ridhaa kwa Kiha na Kirundi imeanza kuandikwa. Vijana wawili wa Kibondo wamejitolea kuanza na wazee wa vijijini mwao, kwa simu zao wenyewe. Nauli yao tutaitoa kwenye salio hili dogo. Tukijaliwa, mambo mengine yatafuata.

Ajenda inayofuata ni taarifa ya mweka hazina, kisha hoja ya kutokuwa na imani na kamati iliyoletwa na wanachama kumi na wawili. Waliolipa ada ndio watakaopiga kura. Risiti zinatolewa pale mlangoni hadi saa sita.

Naomba kuwasilisha.