Kwa Binti Zangu Wachomaji Mahamri: Uacheni Unga Utulie, Nanyi Mtulie

Wanangu wa Kibokoni, Bondeni na Majengo, na nyinyi wa Kisauni na ng'ambo ya Likoni,

Assalaam aleikum. Juzi alfajiri nilipita kwa mmoja wenu kununua mahamri na mbaazi. Nilimkuta macho mekundu, mkono mmoja uko kwenye karai, wa pili uko kwenye simu anajibu oda. Nikamuuliza amelala saa ngapi. "Sijalala, nyanya. Nitalala nikizeeka." Mimi nimeshazeeka, mwanangu, na ule usingizi nilioukataa ujanani haukunisubiri.

Hamri lake nilipolipasua lilinipa habari nyingine. Lilinuka hamira, na ubavu mmoja ulikuwa umefura, mwingine umelala kama kitambaa. Alichofanya nakijua, kwa kuwa nami nilikifanya miaka mingi: aliongeza hamira ili unga uumuke upesi, akaukata kabla haujatulia. Hamira ni kitu hai. Inakula ile sukari mliyotia, inatoa hewa, na hewa ile ndiyo inayouinua unga kidogo kidogo. Ukiizidisha, unga utapanda mbio, lakini iliki na tui hutazionja, utaonja hamira tu. Ukitia tui la moto sana, umeiua. Na unga uliotoka kukandwa ukiusukuma, unajirudi. Unausukuma huku, wakuvuta kule, mpaka bega linauma. Ufunike, nenda kaswali, urudi. Unga ni ule ule na mkono ni ule ule, ila sasa unatandaa wenyewe hadi ukingoni mwa ubao. Ukishazikata zile pembe tatu, ziache tena robo saa. Hapo hamri likiguswa na mafuta linafura pande zote mbili.

Nayasema haya nikiwa na alama. Mkono wangu wa kushoto una kovu la mafuta, kutoka kiwikoni hadi kifundoni. Ilikuwa oda ya harusi, mahamri mia sita, nami niko usiku wa pili bila kufumba jicho. Nilisinzia nimesimama. Wiki sita sikushika karai. Nililia sana, na kilichoniliza zaidi ya maumivu ni wateja. Niliona riziki yangu imekwenda kwa wengine.

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikawa natoka kukaa barazani alasiri. Miaka tisa nimeishi katika nyumba ile, wala sikuwa nimewahi kuiona saa kumi ya mtaa wetu. Kumbe upepo wa baharini hupanda kutoka Bandari ya Kale, ukapita kichochoroni, ukakupoza shingo. Kumbe watoto hutoka chuoni wakikimbizana na juzuu zao kifuani, na yuko mama apitaye na sinia ya asmini, mtaa mzima ukanukia. Na saa kumi na nusu, muuza kahawa, mzee wa makamo, dele mkononi, anagonganisha vikombe. Siku ya nne alisimama kunipa pole kwa mkono. Tukazungumza. Akasema wateja wake wamechoka na kashata peke yake: "Ukipona, niwekee mahamri hamsini kila jioni."

Alichukua hamsini kila jioni kwa miaka kumi na moja, hadi alipofariki, Mungu amrehemu. Fedha zile ndizo zilizomsomesha mwanangu wa mwisho. Na miaka tisa mtu huyu alikuwa akipita mlangoni pangu, nami niko ndani nimeinamia unga!

Mji wetu wenyewe ulikua kwa kungoja. Nilipokuwa mdogo, majahazi ya Uarabuni yaliingia kwa upepo wa kaskazi, kiasi cha Desemba hadi Machi, na tende na mazulia. Mabaharia wakishauza na kununua boriti za mikoko, walingoja kusi ianze kuvuma, kiasi cha Aprili, iwarudishe kwao. Hakuna nahodha aliyeweza kuuharakisha upepo. Katika miezi ile ya kungoja watu walikunywa kahawa, wakafanya urafiki, wakaoa. Wengi katika nyinyi mna babu aliyekuja kungoja upepo, akabaki.

Najua mtaniambia kodi haingoji, na unga wa ngano unapanda bei kila ukienda dukani. Ni kweli, na sitamwambia mwenye watoto wanne akae kitako. Ninachowaomba ni kidogo. Oda zikome saa mbili za usiku. Mteja anayeagiza saa sita anaweza kuambiwa kesho, naye atakuja kesho. Mkishaswali isha, laleni, ili saa tisa ikiwakuta iwakute na macho. Adhuhuri, maduka mengi ya Mji wa Kale yanapofungwa, nanyi jinyosheni, hata nusu saa, mlango umerudishwa, simu iko chumba kingine. Hiyo ndiyo kailula waliyotuachia wazee wetu. Na siku moja kwa juma karai lisipande jikoni kabisa. Mimi nilichagua Jumatatu. Juma la kwanza niliogopa. La pili wateja wakanizoea.

Jumatatu hizo nilikuwa nikienda ufukweni, pale Mama Ngina, tangu kabla hawajapatengeneza mwaka 2019. Nanunua mihogo ya kukaanga, inapasuliwa katikati, inatiwa chumvi, pilipili na ndimu, nakaa nakitazama chombo kinaingia Kilindini. Meli kubwa, ndefu kuliko mtaa, inapita karibu hata unaona nguo za mabaharia zimeanikwa. Pale sikuuza kitu wala sikununua zaidi ya muhogo. Lakini nilirudi nyumbani nikiimba, na watoto wangu mpaka leo wanakumbuka Jumatatu kuliko Idi.

Yule binti wa juzi, ukiisoma barua hii, sijakukasirikia. Alhamisi baada ya alasiri nitakuwa barazani, mlango wa kijani. Njoo na wenzako. Kahawa iko, na mahamri nitachoma mimi. Unga nitaukanda baada ya adhuhuri.

Nyanyenu,
Kibokoni, Mombasa