Shosti, hayo majina yabandikwe tu

Shosti wangu, za Moshi? Huku Mbozi tuko poa, baridi tu ndo inatutesa. Ile voisi yako nimeisikiliza mpaka mwisho, eti nimezidi umbea kutaka majina yabandikwe kijijini, tujue nani kachukua mifuko mingapi ya mbolea ya ruzuku. Hapo mama tunapishana.

We si unakumbuka enzi za vocha za pembejeo, zile karatasi za kununulia mbolea na mbegu kwa bei ya ruzuku, kuanzia 2008 hivi, ilikua apewe mwenye shamba la mahindi au mpunga lisilozidi hekta moja, wanawake wanaoongoza kaya watangulie, kamati ipendekeze majina mkutano wa kijiji upitishe, kwenye karatasi safi kabisa, halafu watafiti wakaja hukohuko kwenu Kilimanjaro wakakuta kama asilimia 60 ya vocha zimeishia kwa viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Na hapo majina yalitakiwa yapite mkutanoni, je yasipopita popote?

Sasa hivi ni hii ruzuku ya kidijitali, aliyoizindua Mama Samia Nane Nane ya 2022 pale Mbeya, mfuko wa DAP, ile mbolea ya kupandia, ukashuka toka laki na thelathini hivi mpaka elfu 70. Nafuu tumeipata, sikatai. Unajiandikisha kwa mtendaji, unapata namba yako kwenye simu, unaenda nayo kwa wakala. Ila mifuko inaendana na heka ulizotaja, na mchezo uko hapohapo kwenye heka. Msimu uliopita nimekaa foleni dukani, mbele yangu kuna bibi ana namba yake kaiandika kwenye kikaratasi kakikunja mpaka kimechanika, anaambiwa mtandao hausomi rudi kesho, na huku nje kirikuu inapakiwa urea ya baba mmoja ambae kijiji kizima tunajua ana vishamba viwili vya kahawa basi. Hiyo mbolea anaipeleka wapi? Kompyuta haiwezi kujua, ila jirani yake anajua mpaka mpaka wa shamba ulipoishia.

Na usiniambie mambo ya siri za watu, maana Ulaya wanaopewa ruzuku ya kilimo wanabandikwa mtandaoni kila mwaka, jina, sehemu anakotoka na pesa aliyolipwa. Uingereza walivyotoa orodha 2005 alikuwemo Malkia mwenyewe, haha! Kuna wakulima wa Ujerumani walienda mahakamani kupinga na 2010 wakashinda, mahakama ikasema kuanika kila mtu mmojammoja bila kutofautisha mdogo na mkubwa ni kupitiliza, basi wakajipanga upya, wanaopata chini ya euro 1,250 hawatajwi majina. Mi hiyo nimeipenda sana, wa mifuko miwili mitatu muacheni na maisha yake, ila wa mifuko hamsini tumuone na heka zake, karatasi moja tu pale ofisi ya kijiji inatosha, na namba za simu sitaki kuziona mimi, jina na heka na mifuko basi. Ni kodi zetu zile shosti, si za mjomba wake.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, huu wetu umeshaahirishwa sijui kwa nini, ukiitishwa nanyoosha mkono nauliza hilohilo, mume wangu ameshaanza kuogopa eti tutanuniwa. Wanune.

Parachichi nimempa dereva wa basi la Jumanne, zikague usije ukaletewa zilizopondeka. Msalimie mama mkwe.