BARUA YA MALALAMIKO: HINJI YA LAPTOP YENU IMEPASUA KAVA, NYIE MNASEMA NIMEIVUNJA MIMI

Kwa Huduma kwa Wateja na watu wa matengenezo,

Habari za kazi. Nina steshenari hapa Dar, karibu na chuo, nachapa risechi za wanafunzi, barua za kazi, na msimu wa mkopo ukifika najaza maombi ya HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, kuanzia asubuhi hadi usiku. Laptop yenu niliinunua Februari 2023 kwa wakala wenu Kariakoo, mpya kwenye boksi, sio ya mkononi, sh 1,350,000 ambayo niliikopa kikoba, risiti ya EFD ninayo na waranti ni mwaka mmoja.

Miezi kumi na moja tu tangu niinunue, Januari 2024, upande wa kushoto ukaanza kulia kachakacha kila nikifungua, na pale pembeni kava limeachia kidogo kama mdomo. Nikafunga duka nikaja kwenye senta yenu. Kijana wa kaunta akaifungua akaifunga mara mbili akaniambia mama hiyo ni kawaida, hinji za mpya huwa ngumu, we tumia taratibu. Hakuandika popote, hakunipa hata karatasi, na mimi nikamwamini kwa sababu amevaa fulana yenu.

Machi 2024 nafungua asubuhi, paa! Kava limepasuka, kioo kimebaki kinaning'inia upande mmoja na picha inakuja inapotea. Narudi senta naambiwa waranti imeisha mwezi uliopita, halafu hata ingekuwepo isingesaidia maana huo ni uharibifu wa mteja, labda imeanguka, kwahiyo nilipe sh 480,000 wabadilishe kioo na kava zima. Imeanguka wapi jamani? Laptop hii tangu iingie dukani, ukitoa siku nilizowaletea nyie, haijatoka juu ya meza, chaja imechomekwa muda wote, hata begi lake sijawahi kulitumia!

Nikaipeleka kwa fundi, akaifungua mbele yangu na nikapiga picha kila hatua. Hinji yenyewe ni chuma kizima, nzima kabisa haina hata kovu. Ila ile hinji imefungwa na skrubu ndogo zinazoingia kwenye vinati vya shaba, na hivyo vinati vimekandamizwa tu ndani ya plastiki nyembamba, basi, hakuna bamba la chuma la kuvishikilia. Sasa hinji ni ngumu na plastiki ni laini, kila nikifungua nguvu yote inaishia pale kwenye plastiki, na mtu anafungua laptop mara nane mara kumi kwa siku, lazima siku moja vinati ving'oke na plastiki yake. Na waya wa kioo umepitishwa hapohapo kwenye hinji, ikiachia inaubana, ndio maana picha inapotea. Fundi akanionyesha kava la nyingine ya modeli hii hii, limeng'oka palepale, kushoto. Huyo naye aliiangusha kwa staili ile ile?

Hili ndilo linaloniuma. Kitu kikivunjika palepale kwa watu wasiojuana hilo ni kosa la aliyekichora, na aliyekichora ndio alipe. Na wenzenu walishafanya hivyo, siwaombi kitu cha ajabu. Apple walipotoa zile kibodi nyembamba zilizokuwa zinaganda vitufe, watu walilalamika sana mpaka Juni 2018 wakatangaza kuzitengeneza bure kwa miaka 4 tangu siku ya kununua, waranti iwe imeisha au haijaisha, na aliyekuwa ameshalipa mfukoni aliruhusiwa kudai arudishiwe. Nvidia nao mwaka 2008 walikiri kwamba baadhi ya chipu zao za picha kwenye laptop zinaharibika kuliko kawaida kwa sababu ya malighafi dhaifu, wakatenga mamilioni ya dola ya kugharamia. Hawakumwambia mteja umeangusha.

Na Ufaransa tangu Januari 2021 laptop inauzwa na alama ya urahisi wa kutengenezeka, kuanzia 0 mpaka 10, na bei ya spea inahesabiwa humo. Huku kwetu kava peke yake hamuuzi, mpaka ninunue na kioo ambacho hakijaharibika. Kwanini mtu alipie kioo kizima kwa sababu ya plastiki ya kona?

Ninachotaka ni hiki. Mnitengenezee bure, kava jipya na waya mpya, na hilo kava liwe limeimarishwa maana mkinifungia lile lile mwakani tutakuwa hapa hapa. Hesabu za waranti zianzie siku ile niliyokuja Januari, sio siku ilipopasuka, kamera za senta yenu zinanionyesha. Na mniandikie kwa maandishi kwanini mnaita huu uharibifu wa mteja, aliyekagua ni nani na aliona alama gani ya kuanguka, kwa sababu mimi nimeambiwa kwa mdomo tu na yule kijana hata hakuifungua ndani.

Nasubiri siku 14. Mkikaa kimya napeleka picha na risiti Tume ya Ushindani, FCC, Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji na mimi ni mlaji.

Kwa sasa fundi ameibandika kwa ile gundi ya vichupa viwili na kioo kinaegemea maboksi ya rimu, siwezi kukifunga, nikifunga ndio basi tena na kikoba bado nadaiwa marejesho matatu. Picha 9 nimeambatanisha, ya nne ndio inayoonyesha vile vinati, namba ya mashine ipo kwenye ya kwanza.

Mteja wenu,
Mama wa steshenari