Barua kwa mwanangu: kabla hujatia sahihi mkataba wa Kilifi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku Mombasa hatujambo, mamako anakusalimu na anauliza kama unakula. Ujumbe wako nimeupata, na ile sauti ndefu uliyonitumia usiku nimeisikiliza hadi mwisho. Nimefurahi sana kusikia shule ya Kilifi inakutaka ukafundishe muziki. Lililonikera ni hayo maneno ya wenzako wa Nairobi, eti mpiga piano akishaingia darasani ndiyo basi tena, amekwisha. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kusema.

Wynton Marsalis na tarumbeta lake unamjua. Branford na saksafoni yake unamjua, tena uliwahi kunifungulia video zake humu humu nyumbani. Baba yao je? Ellis Marsalis alikuwa mpiga piano hodari, lakini hata magazeti yalipomkumbuka yalimwandika kama baba wa fulani. Mimi ninamtazama kwa jicho jingine. Ni mtu aliyefundisha karibu maisha yake yote, mji wake akauhama mara chache, na piano hakuiacha hata siku moja.

Alizaliwa New Orleans, Novemba 1934. Baba yake alikuwa na moteli nje kidogo ya mji, karibu na mto Mississippi, enzi zile ambapo mtu mweusi hakupokewa kwenye hoteli za wazungu. Martin Luther King na Ray Charles ni kati ya waliopata kulala hapo. Kwa hiyo kijana alikua akiona biashara ikiendeshwa, hakutoka familia ya watu wa ndoto tupu. Alianza na klarineti, akaenda saksafoni, piano ikamshika baadaye. Mwaka 1955 akamaliza Chuo Kikuu cha Dillard, palepale mjini. Unajua alisomea nini? Ualimu wa muziki. Sahani ya santuri yenye jina lake ilikuwa bado, kushindwa kokote kulikuwa bado, na cheti cha ualimu kilikuwa tayari mkononi. Nawe shahada yako ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ni hiyo hiyo, ingawa tangu uingie mjini umeificha kama barua ya deni.

Shida yake ya kwanza utaielewa haraka. Yeye na wenzake, kina Alvin Batiste, Harold Battiste na mpiga ngoma Ed Blackwell, walikuwa wamependa jazi mpya ya akina Charlie Parker, mpiga saksafoni. Mji wenyewe haukuitaka. Watalii wa mtaa wa Bourbon walitaka jazi ya kale, ile ya maandamano na tarumbeta. Vilabu vya watu weusi vilitaka muziki wa kucheza. Waliobaki kusikiliza walikuwa wachache, na wachache hawalipi kodi ya nyumba. Mimi nimepiga kinanda kwenye hoteli za Nyali na Bamburi, najua mgeni anavyokuja mbele na glasi yake kukuomba wimbo ule ule wa kumkaribisha, wakati wewe ndiyo kwanza umepata mkondo wa jambo lako. Unampigia, tena unatabasamu. Hela ni yake.

Ellis naye alizipiga nyimbo za kuombwa na watu. Mwaka 1963 alitoa sahani na bendi yake ya watu wanne kwa AFO, kampuni ndogo iliyoanzishwa na wanamuziki weusi wenyewe, na haikumtajirisha. Akafundisha bendi na kwaya ya shule ya sekondari kwenye mji mdogo wa Breaux Bridge. Kuanzia 1967 akakaa miaka mitatu na bendi ya Al Hirt, nyota wa tarumbeta aliyekuwa na klabu yake huko huko Bourbon. Nyumbani watoto walikuwa wanaongezeka hadi wakafika sita, wote wavulana. Wa tano alimwita Mboya. Ndiyo, Mboya! Mtoto wa Louisiana anabeba jina la Rusinga, kwao Tom Mboya, na huyo baba hata hakuwa Mkenya.

Halafu mwaka 1974 akaingia kufundisha NOCCA, kituo kipya cha sanaa cha serikali mjini kwake. Utaratibu wake ulikuwa mzuri: mtoto anasoma shule yake ya kawaida nusu siku, nusu nyingine anakwenda NOCCA kwa muziki, dansi au uchoraji. Hapo walipita Wynton na Branford, Terence Blanchard, Donald Harrison, Harry Connick, na baadaye wanawe wadogo. Dunia nzima ikaanza kuuliza kuna maji gani New Orleans. Maji hayakuwa na lolote. Palikuwa na darasa, na mtu aliyekuwa akirudi humo kila wiki.

Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Ellis hakuwa mwalimu wa kumwaga majibu. Aliwaacha wanafunzi wajaribu na wasikilize kwa makini mpaka walione jambo wenyewe. Ni rahisi kusema, ni kazi kutenda, hasa mbele ya watoto arobaini na kengele ya chakula inakaribia. Nikupe mfano uujaribu. Chukua bluzi ya baa 12 katika F, yaani mzunguko wa vipande 12 vya mapigo manne manne. Baa nne za mwanzo umekaa nyumbani kwenye F. Ya tano na ya sita umehamia B-flati, ya saba na ya nane umerudi F. Ya tisa C, ya kumi B-flati, mbili za mwisho nyumbani tena. Usiwaandikie ubaoni. Piga taratibu kwa mkono wa kushoto peke yake, uwaambie wapige kofi wakisikia umehama. Mara ya kwanza watapiga ovyo, wengine watamwangalia mwenzao. Endelea kuzunguka. Kuna mtoto mmoja, mara nyingi si yule unayemdhania, atapiga kofi kabla hujahama. Huyo ameshasikia kinachokuja. Mwite aje kwenye piano hata kama hajawahi kugusa ufunguo.

Lakini huwezi kufundisha hivyo kama masikio yako mwenyewe yamelala. Ndiyo maana nimemleta huyu mzee na si mwingine. Mwaka 1986 alikwenda kufundisha chuo kikuu huko Richmond, Virginia, na 1989 akarudi kuongoza masomo ya jazi katika Chuo Kikuu cha New Orleans, akastaafu 2001. Pamoja na shughuli zote hizo, kwa miaka kama thelathini alikuwa na siku yake Snug Harbor, klabu ya mtaa wa Frenchmen: Ijumaa. Profesa mchana, mpiga piano Ijumaa usiku. Vijana wakaja kumsikiliza, wengine wakapandishwa jukwaani kupiga naye. Aliacha kazi hiyo ya kila wiki mwanzoni mwa 2020, umri miaka 85, na Aprili mosi mwaka huo huo korona ikamchukua.

Nikitazama hesabu yake siioni kazi moja na kibarua cha pembeni. Mshahara wa ualimu ulimpa uhuru wa kupiga anachotaka siku ya Ijumaa, na Ijumaa ilimpa cha kusema Jumatatu. Wewe Nairobi unapiga usiku nne kwa wiki, mwenye mkahawa anakulipa akijisikia, na kwa maneno yako mwenyewe ni lini mara ya mwisho ulipiga wimbo ulioutunga? Wenzako wanaita huko kufanikiwa. Haya.

Usidhani Kilifi ni pepo. Shule zetu nyingi humkumbuka mwalimu wa muziki msimu wa tamasha ukikaribia: kwaya iimbe, kombe lije, picha ipigwe na mwalimu mkuu, kisha vipindi vyako vipewe hesabu. Tamasha la Muziki la Kenya lipo tangu 1927 na limelea waimbaji wengi, silidharau. Ila mtoto aliyekariri wimbo mmoja wa mashindano muhula mzima hajafundishwa muziki, amefundishwa wimbo. Lisemee hilo mapema, kwa adabu, kabla hawajakuzoea.

Kwa hiyo, mamangu, usitie sahihi mpaka umeuliza haya. Piano wanayojisifia ni ya nyuzi au ya umeme? Kama ni ya nyuzi, nani anaitengeneza na mara ngapi, maana hewa ya bahari inakula nyuzi na unyevu unavimbisha mbao. Usikubali kufundishia kwenye kitu kinacholia nusu noti chini halafu watoto waamini hivyo ndivyo F inavyolia. Kama ni ya umeme, iwe na funguo 88 zenye uzito. Cheti chako cha TSC, Tume ya Huduma za Walimu, kiko wapi? Hata shule ya binafsi sheria inakudai usajiliwe, wasije wakatumia kukosa kwako cheti kukupunguzia mshahara. Vipindi vingapi kwa wiki, na darasa lina watoto wangapi?

Na waandike kwenye mkataba kwamba Ijumaa saa kumi jioni umemaliza: hakuna zamu ya bweni, hakuna mkutano wa walimu. Kuna hoteli mbili tatu upande wa Watamu na Malindi ambazo bado zina piano, na wapigaji wa besi wa zamani zangu wangali huko, wanalalamika tu kwamba hawana mtu wa kupiga naye. Namba zao ninazo. Wakikataa Ijumaa, omba Alhamisi. Wakikataa zote mbili, nipigie kabla ya kuwajibu.

Mamako anasema kanga zake umerudi nazo Nairobi, uzilete.

Babako