Mwanangu, anza na Yakobo

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, salamu zako nimezipata na nimefurahi sana kusikia umeshajiunga na jumuiya ya kanisa huko Dodoma hata mtaa wenyewe hujauzoea. Unasema ile ratiba ya kusoma Biblia mwaka mzima uliyopakua kwenye simu imekushinda ulipofika Walawi. Iache kwanza. Anza na Waraka wa Yakobo, sura 5 tu, jioni moja unaumaliza, halafu urudie taratibu sura ya 2, pale anaposema ndugu hana nguo wala chakula cha siku na wewe unamwambia nenda kwa amani ukaote moto ushibe, na hujampa kitu, inamsaidia nini? Ukifika hapo simama, jiulize huyo mtu mtaani kwako ni nani, umtaje kwa jina. Kama huna jina basi majirani hujawajua bado, toka ukawasalimie.

Kisha soma Luka 10, yule Msamaria aliyemsaidia mtu wa kutoka Yerusalemu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani. Wengi wanahubiri huruma yake ila mimi napenda zaidi alivyojipanga, maana alifunga majeraha kwa mafuta na divai, akampandisha mgonjwa kwenye mnyama wake, akamuuguza usiku ule kwenye nyumba ya wageni, asubuhi akatoa dinari 2, na ukisoma Mathayo 20 utaona dinari moja ndo ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima, tena akamwambia mwenye nyumba kikizidi nitakulipa nikirudi. Nikirudi! Hapo ndo tunapokwama mwanangu, tunapeleka unga na sabuni siku moja, tunapiga picha, basi, mwezi ujao dawa za sukari za yule mzee zimeisha na hakuna anayekumbuka. Afu Wayahudi na Wasamaria walikuwa hawaelewani kabisa, kwa hiyo jirani yako akiwa Mwislamu au hasali popote usimpite, na usimpe msaada huku unamvuta aje kanisani, huo sio msaada.

Jumuiya yenu itumieni kwa hilo. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua miaka ya 1970 Kanisa lijengwe kwenye jumuiya ndogondogo walitaka watu wanaoishi karibu na wanaojuana, sio kusali rozari na kuchangishana tu. Someni Matendo 6 pamoja, wajane wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye mgao wa kila siku, mitume wakasema wachaguliwe watu 7 wenye sifa njema washike kazi hiyo. Na nyie chagueni wa kufuatilia, hela zishikwe na watu wawili na ziandikwe kwenye daftari. Na kabla hamjapeleka kitu muulizeni mwenyewe anahitaji nini, mama anayeuguza mtu ndani pengine unga anao, anachotaka ni mtu wa kukaa na mgonjwa kwa muda wa saa mbili yeye aende sokoni, na hilo wewe unaliweza hata mshahara ukiwa umeisha.

Ukimaliza hayo nenda Filemoni, sura moja, aya 25 tu. Angalia vizuri aya ya 18 Paulo anavyomwombea Onesimo, mtumwa wa Filemoni, kama unamdai kitu kiandike kwenye deni langu. Nipigie Jumapili baada ya misa tuiongelee, baba yako naye ana maswali yake hapo.

Mama yako