Vyumba vyenye nywele

Shoga yangu,

Mzima? Na wanao? Samahani kwa kimya, simu zako zote nimeziona. Nilikuwa najificha.

Nilipewa kazi ya kuandika tangazo la hoteli kwa Kiingereza. Mimi na ujuaji wangu nikaandika "luxuriant rooms", likachapwa, likabandikwa. Kumbe "luxuriant" husemwa majani au nywele zikistawi! Lililotakiwa ni "luxurious", yaani vya kifahari. Nimewatangazia watu vyumba vyenye nywele. Babu Kamusi kalipiga picha, kanitumia bila hata salamu.

Tangu siku hiyo nafukua maneno ya Kiingereza ya kusifia vitu vya kifahari usiku kucha. "Plush" asili yake ni kitambaa chenye manyoya laini, ndiyo maana viti na mazulia hulipata kwanza. "Ritzy" ni jina la mtu kabisa, César Ritz, Mswisi aliyefungua hoteli yake Paris mwaka 1898. Na ile hadithi yako ya "posh", kwamba ni herufi nne za tiketi za meli za kwenda India, haina ushahidi, nisamehe. Halafu chunga unamwambia nani: nyumba ikiitwa "posh" ni sifa, mtu akiitwa hivyo huenda akaona anasimangwa.

Lakini lililonikaa rohoni ni "luxury" lenyewe. Karne nyingi nyuma Waingereza walilitumia kwa maana ya uasherati! Nikakumbuka neno letu "anasa", mama alivyokuwa akilitamka kama anayetema kokwa. Yaani hata sisi, tukitaka kusifia chumba, tunakimbilia "cha kifahari", anasa tunawaachia wahubiri. Kwa Kiswahili naujua mpaka huo bila kufundishwa. Kwa Kiingereza nikauruka nikiwa nimefumba macho. Nywele, shoga!

Sasa wanataka tangazo jipya kabla ya Jumatatu, bila malipo, na sina pa kusemea. "Exclusive" nimelifuta, naona linamfungia mtu mlango kabla hajabisha. "Sumptuous" nimeliacha kwa mapazia, ingawa kwa Kilatini mzizi wake ni gharama tu, na mapazia yenyewe… basi.

Utanisomea? "High-end" linakaa vizuri kwenye chumba, au ni la simu na saa? "Lavish" je, si la karamu zaidi? Na hii habari nani kaitoa nje, wewe au Babu Kamusi? Mbona binamu yako jana kaniita Mama Nywele?

Wako,
aliyejificha